Folda Yangu Tu

Kwa siku nne mfululizo nilitoka nyumbani Izia kabla jua halijachomoza, nikatembea hadi ofisini mjini, ili niiwahi laini ya simu kabla wenye ofisi hawajaamka na kuanza kuitumia. Niliwasha kompyuta, nikachomeka waya wa simu kwenye modemu, nikasikiliza milio yake, kama paka wawili wanaogombana ndani ya debe, kisha nikaketi na koti langu mwilini kutazama majina ya mafaili yakishuka moja baada ya jingine. Yalishuka polepole mno. Ungeweza kusoma kila jina, ukalisema kwa sauti, ukapiga mwayo, na lingine lisiwe limefika. Na kila siku, karibu palepale, laini ilikatika. Siku ya nne nilifunika uso kwa mikono, nikakaa hivyo mpaka mfagizi alipoingia na kuniuliza kama kuna msiba.

Nieleze kidogo, maana kazi yenyewe haionekani kwa macho. Programu ya kompyuta si kitu kimoja. Ni mafaili mengi yaliyopangwa kwenye folda, na kila faili lina kazi yake. Wanapoiandika watu kadhaa walio miji tofauti, lazima pawe na mahali pamoja ambapo nakala halisi inakaa, na ambapo kila badiliko linaandikwa: nani kabadili nini, siku gani, na kwa nini. Sisi mahali hapo tulipaita ghala. Unachukua nakala kutoka ghalani, unafanya kazi yako, kisha unarudisha ulichobadili pamoja na maelezo ya mstari mmoja. Mwenzako akija, anachukua na cha kwako. Kwa njia hiyo hakuna anayemfutia mwenzake jasho. Ni utaratibu mzuri, na mpaka leo naupenda. Ila ulibuniwa na watu ambao simu zao hazikatiki.

Ghala letu lilikuwa kwenye seva moja Dar es Salaam. Mimi nilikuwa Sumbawanga. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mlango ulikuwa umefunguliwa. Mahindi yalinunuliwa na yeyote mwenye lori, duka la ushirika lilikuwa limegeuka duka la mtu, mbolea iliuzwa ubavuni mwa mitumba, na minara ya simu ilianza kuota vilimani kama uyoga. Miradi nayo iliingia, mmoja ukanichukua mimi kutoka darasani, ambako nilikuwa nafundisha hesabu. Niliacha chaki, lakini jina la Mwalimu halikuniacha. Hata kijana wa Dar aliyekuwa mkuu wetu wa kazi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, aliniita hivyo.

Programu yenyewe ilihusu kadi za kliniki za watoto. Rejista za zahanati ziliingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta ikajua mtoto gani kapata chanjo gani na ipi imebaki. Wenzangu wa Dar waliandika sehemu kubwa. Mimi nilipewa kipande kimoja: kuchapa orodha ya watoto wanaodaiwa chanjo, kitongoji kwa kitongoji, ili nesi wa huduma ya mkoba ateremke nayo vijijini.

Nesi huyo alikuwa mwanamke wa Chala, mwembamba, karibu na kustaafu, mwenye sauti ya chini ambayo watu walinyamaza ili waisikie. Alitembea na daftari kubwa lenye jalada gumu lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alinieleza haja yake siku ya kwanza tu, bila kuketi. Miezi miwili nyuma alikuwa ameshuka bondeni, akapita Muze kuelekea ziwani, ambako familia za wafugaji kutoka kaskazini mwa nchi zilikuwa zimepiga maskani na ng'ombe wao. Kifaduro kilikuwa kimewapitia. Aliwachanja watoto dozi ya kwanza, akawaambia mama zao kwamba atarudi na zilizobaki kabla ya mvua. Mvua ikishanyesha, korongo zinajaa, na gari halifiki huko mpaka msimu uishe.

"Niliwaahidi, Mwalimu," alisema. "Na wale watu wameahidiwa vitu vingi."

Daftari lake lilimwonyesha aliowaona yeye. Halikumwonyesha waliofika zahanati baada ya hapo wakapata dozi, wala dozi ipi. Hilo lilikuwa kwenye kompyuta ya ofisini kwetu. Na chanjo zilitolewa kwenye friji kwa hesabu ya orodha, na chache za ziada, basi. Kwa hiyo alihitaji orodha yangu, na aliihitaji kabla mawingu hayajashuka. Ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi.

Ndipo nikampigia simu yule kijana wa Dar kumweleza kwamba ghala lote halishuki. Alianza na mambo vipi, akakumbuka anaongea na nani, akageuza kuwa shikamoo. Nilimweleza habari ya siku nne. Alicheka, si kwa ubaya.

"Chukua folda yako tu, Mwalimu," alisema. "Mengine hayakuhusu."

Nami nikafurahi. Inawezekana kabisa kuchukua sehemu ya ghala na kuacha nyingine, kama vile mtu anavyokwenda kwenye ghala la mahindi akatoa magunia yake mawili, yaliyobaki akayaacha palepale. Nilichukua folda yangu peke yake. Ilishuka yote kabla chai haijapoa. Nilijipongeza kwa kunywa kikombe cha pili.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipojaribu kuiendesha programu. Iligoma mstari wa kwanza. Folda yangu ilikuwa inatafuta faili la vitongoji, na faili hilo halikuwa kwenye folda yangu. Lilikuwa kwenye folda ya pamoja, ile inayotumiwa na kila mtu, na humo ndani kulikuwa pia na ramani na picha za mikoa yote, vitu vizito kuliko magunia. Chombo chetu cha siku zile kilikupa folda nzima. Hakikujua kukuchomolea faili moja. Nilijaribu kuichukua folda ya pamoja. Paka wakagombana kwenye debe, ramani ya mkoa wa mbali ikaanza kushuka, laini ikakatika.

Nilimwandikia kijana anitumie faili lile kwa barua pepe. Akajibu, nakutumia leo. Kesho yake nikamkumbusha, akajibu, leo hii. Keshokutwa yake akawa safarini kuelekea mkoa mwingine kufundisha, simu haipatikani. Aliporudi alisema barua pepe ya ofisi inakataa, kwa hiyo ataliweka kwenye diski na kulikabidhi kwa basi la Mbeya, na kutoka Mbeya watalihamishia basi la kwetu. Nilihesabu siku kwa vidole. Dirishani mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa bondeni, na kila alasiri nesi alipita mlangoni, akanitazama bila kuuliza, akaendelea na safari yake. Ningependelea anitukane.

Jumamosi moja nilikuwa shambani na mama, pembezoni mwa Izia, tunabomoa matuta. Matuta yetu Wafipa ni ya mviringo, kama makaburi ya wafalme wadogo. Ndani yake yamelala majani ya mwaka uliopita, yameoza na kuwa mbolea. Ukikaribia msimu unayabomoa, unasambaza ule udongo mweusi, unapanda ulezi. Ni kazi ya kuinama, na mtu aliyeinama hulalamika vizuri. Nilimlalamikia mama habari zote za faili. Akasimamisha jembe.

"Kwani hivyo vitongoji huvijui?"

Nikasema navijua. Nimezaliwa hapa. Nimetembea kwa miguu kwenda shule, nimesahihisha madaftari ya watoto kutoka kila upande wa mkoa huu.

"Basi viandike mwenyewe. Au umesoma miaka yote hiyo ili uje kumngoja mtu wa Dar akutajie kwenu?"

Nilikwenda kwenye mfuko wa koti, nikatoa kalamu. Tuliketi juu ya tuta ambalo halijabomolewa, na mama akaanza kutaja. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa jumuiya kwa muda mrefu kuliko mapadre watatu, na alitaja bila kusita, kwa mpangilio, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake. Alianza na vya juu, kimoja kimoja, kisha akateremka ukingo wa bonde, akavitaja vya chini. Nilipotaka kumpita alinirudisha, akisema bado kimoja. Nikaandika kurasa tatu, nikaona hata haya kwamba nilikuwa nimeisubiri diski.

Jumatatu nilitengeneza faili langu la vitongoji, nikaliweka ndani ya folda yangu, nikaielekeza programu isome hilo badala ya lile la pamoja. Ilikwenda bila kugoma. Mashine ya kuchapa ilikwaruza kurasa moja baada ya nyingine, majina yamenyooka kwenye mistari, na kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima niliegemea kiti.

Niseme wazi jinsi kipande changu kilivyofanya kazi, kwa sababu ndimo kosa lilimojificha. Kilimchukua mtoto mmoja, kikasoma kitongoji chake, kikakitafuta kitongoji hicho kwenye orodha. Kikikipata, mtoto aliandikwa kwenye karatasi. Kisipokipata, kilimwacha, kikaenda kwa mtoto anayefuata. Hakikupiga kelele. Kelele ilikuwa kazi ya faili jingine, la ukaguzi, lililokuwa kwenye folda nyingine ambayo, kama nilivyoambiwa, haikunihusu.

Nilimkabidhi nesi orodha siku hiyohiyo. Gari lilikuwa uani, dereva anafunga kisanduku cha barafu kwa kamba. Nesi alizipima zile kurasa mkononi, akanitania kwamba sasa atashuka bondeni kama mkaguzi kutoka wizarani, akapanda. Siku iliyofuata kondakta wa basi aliniletea bahasha ya kaki kutoka Dar. Diski ilikuwa ndani. Niliigusa kwa nje, nikasema moyoni kazi imekwisha, nikaitupa kwenye droo.

Nesi alirudi baada ya siku mbili. Niliona viatu vyake kwanza, vyekundu kwa vumbi la kule chini. Nikasema shikamoo mama, akasema marahaba, akaketi. Hakuwa mtu wa kuketi. Aliweka orodha yangu mezani, akaweka na daftari lake juu yake, akaanza kunieleza kwa sauti yake ileile ya chini.

Muze mambo yalikwenda vizuri. Kila jina lilikuwepo, kila mtoto alikuwepo, hata mama zao waliishangaa karatasi. Kisha wakaendelea kuelekea ziwani. Kule wafugaji walikuwa wamesikia gari tangu likiwa mbali, na akina mama walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha zizi, kila mmoja na kadi ya mtoto imefungwa kwenye mfuko wa plastiki ili isilowe. Alifungua orodha amwite wa kwanza. Hakumkuta. Akamtafuta wa pili. Alirudia kurasa zote, za mbele na za nyuma, akidhani zimechanganyika. Hapakuwa na hata mtoto mmoja wa pale. Kwenye kisanduku zilikuwa zimebaki dozi za ziada nne. Watoto walikuwa ishirini na watatu.

"Uliwapa nani?" niliuliza.

"Wadogo zaidi wanne. Waliobaki niliwaambia nitarudi." Aligonga daftari kwa kidole. "Mara ya pili, Mwalimu."

Nilisema haiwezekani. Nilisema programu imechapa kila kitu. Nikasema labda hawakuingizwa, labda zahanati ilikosea, na nikawa naendelea kusema labda huku yeye akifungua kurasa zangu, moja moja, na kidole chake kikishuka kwenye vichwa vya vitongoji. Aliposhuka mpaka chini aliinua macho.

"Hii nani alikutajia?"

"Mama. Mama na mimi."

Alianza kusoma kwa sauti. Alisoma vitongoji vya juu vitano, sita, kwa mpangilio uleule, na sauti yake ikapata mwendo fulani ambao niliutambua kabla yeye hajausema, kwa kuwa nilikuwa nimeusikia kila Jumapili tangu utotoni, wakati wa matangazo, katekista akitaja akina nani wataleta matoleo na akina nani watafagia kanisa kwa sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia.

"Mwalimu, hii si orodha ya vitongoji," alisema. "Hii ni orodha ya vigango."

Ilikuwa kweli tupu. Mama alikuwa amevitaja vigango, makanisa madogo ya parokia, na mimi nilikuwa nimeviandika, na kati yetu hakuna aliyehisi tofauti, maana kwetu juu huku kigango na kitongoji huenda pamoja kama jembe na mpini. Penye watu pana kanisa dogo la matofali, penye kanisa pana jina. Wale wafugaji hawakuwa na kigango. Hawajawahi kufagia kanisa kwa zamu wala kutajwa kwenye matangazo, na mimi niliyejiona naujua mkoa wangu wote nilikuwa naujua kwa masikio ya Jumapili.

"Kichwa cha Mfipa kinakumbuka kwao tu," alisema nesi, akilifunga daftari lake na ule mpira. "Usiniangalie hivyo. Hata mimi ninacho. Ndiyo maana naandika."

Nikakumbuka droo. Nilitoa ile bahasha, nikachana kaki, nikaingiza diski. Faili la vitongoji lilifunguka. Lilikuwa refu mara mbili ya langu. Na juu kabisa, mahali ambapo waandishi wa programu huacha neno kwa wenzao, palikuwa na mstari mmoja ukieleza orodha ya mkoa wetu ilikotoka: daftari la nesi wa huduma ya mkoba, Sumbawanga. Nilimgeuzia kioo. Alivaa miwani, akasoma, akasema ndiyo, mwaka juzi walimwomba, akawaandikia vyote kwa mkono, vya wafugaji vikiwemo, akapeleka Dar kwa posta. Hakujua vilifika wapi.

Vilifika ghalani. Vilikuwa ghalani siku zote nilipokuwa nabomoa matuta. Nilikuwa nimeiacha kazi ya mwanamke huyu upande wa pili wa waya, kisha nikaketi chumba cha tatu kutoka chake na kutunga yangu kutoka kichwani.

Sikuwa na muda wa kujuta vizuri. Nilifuta faili langu, nikaweka lile la diski, nikaendesha. Watoto walianza kutokea kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, vitongoji ambavyo sikuwahi kuvitamka. Nikaagiza mashine ichape. Ukurasa wa kwanza ulitoka. Wa pili ulitoka. Wa tatu ulifika nusu, na umeme ukakatika.

Tulingoja. Nesi alikaa na mikono mapajani. Mimi nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikaugusa ule ukurasa uliong'ang'aniwa na mashine, nikauacha. Ofisi ya jirani walikuwa na jenereta, lakini mafuta hayakuwepo. Saa kumi na moja upepo ulibadilika, bati likaanza kugongwa na matone makubwa, machache, yenye nafasi kati yake. Nesi alitazama juu, kama mtu anayemsikia mgeni aliyefika kabla ya siku yake.

Umeme ulirudi asubuhi, saa nne na kitu. Tulichapa, tukahesabu dozi, tukapakia barafu. Niliomba kwenda naye. Hakunikatalia wala hakunikaribisha. Alisogea tu kwenye kiti. Tuliteremka ukingo wa bonde kwa mwendo wa kobe, barabara imekuwa utelezi, dereva akizungumza na gari kwa Kifipa, lugha anayotumia mtu akiogopa kweli. Muze tulipita bila kusimama. Mbele yake kidogo tulikuta korongo la kwanza lina maji ya rangi ya chai ya maziwa, si mengi, lakini yanakimbia. Dereva alizima injini. Alisema yeye ana watoto.

Nilikaa ndani ya gari nikiwa na hasira na kila kitu: maji, modemu, kijana wa Dar, ramani za mikoa ya watu. Hasira ile ilivizunguka vyote, ikatua mahali pake, kwangu.

Ng'ambo palitokea mkokoteni wa ng'ombe. Walikuwa wametuona. Mzee mmoja wa makamo, amejifunga shuka, aliwaongoza ng'ombe wake majini kwa mluzi, akafika upande wetu kana kwamba anavuka uwanja wa nyumbani. Alimwamkia nesi, akachukua kisanduku cha chanjo kwa mikono yote miwili, akakiweka katikati ya mkokoteni na kukizungushia majani ili kisigonge. Nesi alinionyesha kwa kidevu.

"Huyu ndiye aliyewasahau kwenye orodha."

Yule mzee alinitazama, akatazama viatu vyangu vya ofisini.

"Ni karatasi iliyosahau, au ni yeye?"

Nikasema, "Ni mimi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa swali la kawaida, akanielekeza nikae nyuma ili uzito ulingane. Tukavuka.

Walikuwa wamebaki kumi na wanne. Nilishika karatasi, nesi akashika sindano, akina mama wakafungua mifuko yao ya plastiki. Niliita majina kutoka kwenye karatasi, na kila lilipojibiwa mama mmoja alinyanyuka, na mimi nilipata kitu cha kufanya na macho yangu. Watoto walilia kilio chao cha kawaida. Tulipofika mwisho, majina matano hayakujibiwa. Mzee wa mkokoteni alieleza kwamba familia mbili zilihama jana, mvua ya kwanza iliposikika, wanafuata majani upande wa kusini wa ziwa. Zilingoja siku moja baada ya nesi kuondoka. Baba mmoja alitaka kungoja zaidi, lakini ng'ombe hawangoji.

Nesi aliandika majina yale matano kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake. Tulirudi kwenye korongo kabla maji hayajaongezeka, na usiku huo mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Gari halikurudi kule mpaka mwezi wa tano.

Vijana ninaowafundisha sasa huniuliza kama ni vibaya kuchukua sehemu tu ya ghala. Huwaambia hapana, tena siku hizi vyombo vimekuwa na akili, vinakupa hata faili moja ukitaka. Chukueni sehemu, nawaambia, hasa nyie wa huku kwetu. Msijiue kwa ramani za watu. Ila mkikuta kitu hakipo, kiulizieni mpaka mkipate, msikitunge. Wanaitikia ndiyo mwalimu. Wanaitikia upesi, kama nilivyokuwa naitikia mimi.

Wiki ile niliporudisha kazi yangu ghalani, niliiongezea jambo moja: programu ikikuta kitongoji isichokijua, isimame na iseme jina lake. Kisha nikaandika maelezo ya badiliko. Yule kijana wa Dar alinipigia kesho yake.

"Mwalimu, pale huwa tunaandika mstari mmoja. Wewe umeandika barua nzima."

Nilimwambia aiache. Akasita, nadhani alikuwa anaisoma tena huku ameshika simu, kisha akasema sawa, Mwalimu, na mara hiyo hakucheka. Ghala halifuti kitu, kwa hiyo imo mpaka leo. Inaeleza faili nililolitunga, lilitoka wapi, ni vitongoji gani lilivyoviacha, kimoja kimoja. Mstari wake wa mwisho unasema watoto watano hawajapatikana.

Nesi aliendelea kuwaulizia mpaka alipostaafu. Wawili walionekana mwaka uliofuata kwenye zahanati nyingine, kadi zao kwenye mfuko uleule wa plastiki. Aliingia ofisini kwangu kuniambia, akafungua daftari mbele yangu, akapiga alama mbili. Chini yake mistari mitatu ilibaki wazi.